Nyasi za Rada

Mtu akitaka kunisengenya akae upande wangu wa kushoto, maana sikio hilo lilibakia mlimani Rada. Lililoko kichwani ni ganda tu. Ndani yake kuna mlio kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali, na mashine hiyo haizimwi. Ni huo mlio unaonifanya niandike. Nilisoma hadi darasa la nne, mwandiko wangu mbaya, lakini kumbukumbu ninayo na waliofanya nawajua. Majina yao sitayaandika kwa sababu wajukuu zao wanakaa benchi moja na wajukuu zangu kanisani. Nitasema mwenyekiti, nitasema shemeji, nitasema mnunuzi wa vyuma. Wenyewe watajijua.

Rada ni mlima ulio juu ya kijiji chetu, huku ziwani upande wa Mbaha. Zamani wanajeshi walikaa pale na mtambo wao wa kutazama ziwa na anga, ndiyo maana mahali pakaitwa hivyo. Nilipokuja mimi walikuwa wamekwisha kuondoka, na mtambo umekufa. Zilibaki nyumba za zege zisizo na milango, na jukwaa la saruji ambalo juu yake paliota majani.

Ukitaka kuiona Rada yenyewe usipande mlimani, tembea kijijini. Ua wa waya uliozunguka kambi ndio mabanda ya kuku ya watu. Mlango wa chuma wa chumba cha mitambo uko kilabuni, bado una namba iliyoandikwa na askari. Kengele ya kanisa la kigango chetu ni kipande cha bomba la mnara, kinagongwa kwa nati. Na lile sinia kubwa la wavu lililokuwa likizunguka juu ya mnara liko ufukweni, wanawake wa Kinyasa wanaanikia usipa, dagaa wa ziwa letu. Ukipita asubuhi linang'aa kwa samaki. Hakuna nyumba ambayo haikuchukua kitu. Nami kamba yangu ya kuanikia nguo ni waya wa Rada.

Sisi ni Wamatengo, hatukuzaliwa ziwani. Tulitoka juu, milimani Mbinga, kwenye kahawa. Shamba la baba mkwe lilikuwa limegawanywa na kugawanywa hadi kila mtoto akabaki na kipande cha kupanda miche ya kahawa unayoweza kuihesabu ukiwa umekaa. Mdogo wa mume wangu, huyo ndiye shemeji, alitangulia kushuka ziwani. Alijaribu uvuvi ukamshinda, akaingia kwenye vyuma chakavu. Siku moja akapanda kuja kwetu, akasema, "Kaka, kule chini kuna mlima mzima umelala. Nyasi zinamfika mtu kifuani, hakuna anayelima. Wanyasa wanalima mihogo kando ya maji, mlimani hawataki kupanda."

Mume wangu aliposikia nyasi za kifuani hakulala vizuri usiku huo.

Hili lazima nilieleze kwa asiyetoka kwetu. Mmatengo halimi mlima kwa matuta wala kwa sesa, ile ya kulima bapa. Analima ngoro. Wanaume wanafyeka nyasi, wanaziacha zikauke, kisha wanazilaza chini kwa mistari inayokatana, mlima wote unakuwa miraba-miraba kama kitambaa cha drafti. Wakimaliza hapo, kazi yao imekwisha. Wanawake ndio wanaingia na majembe. Tunachimba katikati ya kila mraba, udongo tunafunika nyasi, panabaki shimo katikati na kingo pande zote. Maharage yanapandwa kwenye kingo. Mvua ikinyesha maji yanakaa kwenye shimo, udongo hauondoki. Bibi zetu walilima hivyo, na nyasi ndizo mbolea. Kwa hiyo kwetu mlima wenye nyasi ndefu ni mlima uliopumzika, uliojaa chakula. Mtu wa kwetu akiuona hajiulizi kwa nini nyasi ni ndefu. Anashukuru Mungu.

Sisi hatukujiuliza.

Tulishuka mimi, mume wangu, mtoto wetu wa kiume, na wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu na wa huyo shemeji. Wifi alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Alikuwa mtu wa maneno. Mkikaa naye shambani jua linazama hamjui.

Mwenyekiti wa kijiji alitupokea vizuri mno. Alikuwa amevaa kaunda suti, akatuonyesha mlima kwa kidole kutoka barabarani. Nakumbuka kwamba hakupanda nasi hata hatua. Mume wangu akamuuliza, "Mzee, jeshi halitatusumbua?"

"Jeshi limeondoka. Pale sasa ni mali ya kijiji. Pamesafishwa pote. Limeni mpaka kileleni."

Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anagombania mlima ule na watu wa wilaya, anataka waukute una mashamba na watu. Sisi tulikuwa vigingi vyake vya mpaka. Kigingi kikipigwa nyundo kichwani hakiulizwi.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kinyasa, muuza usipa, mtani kwelikweli. Alipotuona tunapanda na mafyekeo alicheka hadi akaweka beseni chini.

"Ninyi Wamatengo! Mkiona nyasi mnaona ugali!"

Wifi akamjibu, "Na ninyi mkiona maji mnaona mboga, ndiyo maana mmekonda."

"Mnakwenda kuchimba yale makaburi yenu?"

"Tutakuchimbia na wewe moja, mama, la ukubwa wako, tutapata tabu kidogo."

Wakapigana viganja kwa kucheka. Mimi nikamuuliza yule mama kwa nini wao hawalimi kule. Akabeba beseni lake. "Sisi hatulimi tu," akasema. "Hata mbuzi hatupeleki." Nikadhani ni uvivu, au mambo ya mizimu. Baada ya mazishi alikuja kwangu analia, akasema, "Dada yangu, sisi tulijua mmeambiwa." Kijiji kizima kilijua tumeambiwa. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyetuambia.

Ilikuwa mwezi wa tatu, wakati wa kupanda maharage. Mume wangu na shemeji walifyeka, nyasi zikakauka, wakaanza kuzilaza kutoka chini kwenda juu. Katikati ya shamba palikuwa na mti wa msuku. Walipofika kwenye msuku shemeji alisimama, akashika kiuno. "Kaka, mgongo unauma," akasema. "Mimi naishia hapa." Akateremka. Mume wangu akamcheka, akaendelea peke yake juu ya msuku, akitambaa kwa magoti, analaza nyasi mstari baada ya mstari. Sehemu aliyofyeka juu ya mti haikuwa kubwa. Baada ya hapo nyasi zilisimama kama ukuta.

Mgongo unauma. Maneno hayo nayaweka hapa, myakumbuke.

Kesho yake tukaingia mimi na wifi na majembe. Tulichimba tangu asubuhi, udongo mweusi, laini, unanukia. Wifi alikuwa anaiga sauti ya aliyekuwa mume wake jinsi alivyokuwa anaomba ugali. "We mwanamke, chakula kiko wapi, nami nimechoka kukaa!" Nilicheka hadi nikaegemea jembe. Tukapita msuku, tukaanza miraba ya juu. Yeye alikuwa mbele yangu kidogo. Mume wangu alikuwa chini kwenye ukingo wa shamba ananoa fyekeo.

Nilimwona wifi anainua jembe. Nilimwona analishusha.

Sauti sikuisikia. Watu waliokuwa ziwani waliisikia, hata kigangoni waliisikia, mimi niliyekuwa pale sikuisikia. Nilichoona ni udongo umesimama wima kama mtu, mweusi, halafu ukaanguka. Mdomo wangu ulijaa mchanga. Wifi hakuwepo alipokuwa. Niliona kitenge chake. Zaidi ya hapo nilichoona sitakiandika, mwenye kutaka kujua akakae na usingizi wangu.

Nikakimbia. Mtu akiwa na akili zake angekimbia kuteremka, kule tulikokwisha kulima. Mimi nilikimbia kupanda. Niliingia kwenye zile nyasi ndefu zilizosimama, nazisukuma kwa mikono, mguu mmoja mzito sijui kwa nini. Ndipo kwa sikio lililobaki nikasikia mume wangu anapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, kama ng'ombe.

"Simama! Mama, simama hapo hapo! Usisogee!"

Nikasimama. Na niliposimama ndipo woga ulipokuja. Kabla ya hapo sikuwa na woga, nilikuwa mbio tu. Sasa nikaangalia chini, nikaona siioni miguu yangu. Nyasi zilikuwa zimeifunika. Sijui kilicho chini ya kisigino, sijui kilicho upana wa kiganja kutoka kwenye kidole. Nilitaka kuweka vizuri mguu ulionilemea, nikaogopa hata kuuweka vizuri. Mkojo ulinitoka. Nzi akanikalia usoni, nikaogopa kumfukuza, kana kwamba bomu lingesikia mkono wangu.

Kelele zilianza kutoka kijijini, watu wanapanda. Mume wangu akawazuia kwa fyekeo lake, "Asiingie mtu! Asiingie mtu!" Kisha yeye mwenyewe akaanza kuja. Nilimwona kichwa tu juu ya nyasi. Alikuwa anakanyaga mistari ya nyasi alizolaza jana yake, mguu mbele ya mguu, kama mtu anayepita juu ya gogo mtoni. Pale alipotambaa kwa magoti alijua hapakuwa na kitu, la sivyo asingekuwa hai. Akafika mwisho wa nyasi zake. Kati yake na mimi palikuwa na zile zilizosimama.

"Mama," akaniita kwa sauti ndogo sasa. "Geuka polepole. Usinyanyue miguu, zungusha tu."

"Siwezi."

"Unaweza. Tazama nyasi ulizopita. Unaona nini?"

"Naona nyasi tu. Zimesimama tena."

"Tazama vizuri. Unatoka damu. Tafuta damu yako."

Hapo ndipo nilipojua nimeumia. Mguu ulikuwa umechanika kutoka goti kwenda chini, na nyasi nilizopita zilikuwa na damu kwenye mabua, hapa tone, pale mchirizo. Nikarudi kwa kufuata damu yangu mwenyewe. Nilipoona tone, niliinama nikapapasa udongo kwa kidole kutafuta alama ya kisigino, ndipo naweka mguu. Kuna mahali damu ilipotea. Nikakaa pale sijui muda gani, nasali, nasahau sala katikati, naanza tena. Mume wangu hakunihimiza. Alisema tu, "Niko hapa. Niko hapa." Halafu upepo wa ziwani ukapita, nyasi zikalala upande mmoja, nikaona bua jekundu.

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki. Akageuka mbele yangu, akasema, "Usikanyage udongo. Kanyaga nyasi, nyasi nimezilaza mimi." Tukateremka hivyo hadi kwenye msuku.

Nilikaa hospitalini Mbinga mguu ukishonwa. Wanajeshi walikuja na vyombo vyao vya kupapasa ardhi, walipapasa chini ya msuku na pembeni, wakatoa vitu, wengine wakasema ni mabomu ya zamani ya kutegwa kulinda ua, wengine wakasema ni mabaki ya baruti za kupasulia miamba. Mimi hakuna aliyenieleza. Walisema juu ya msuku kazi bado, mtu asiingie, wakaacha vibao vipya vya onyo. Walisema pia kwamba hata zamani vibao vilikuwepo, vingi, kila baada ya hatua chache. Mwenyekiti akawajibu kwamba yeye hakuwahi kuviona. Mtu aliyezaliwa kijijini pale.

Niliporudi kutoka hospitali matanga ya wifi yalikuwa bado nyumbani kwa shemeji. Nilikwenda na magongo. Nikiwa nyuma ya nyumba natafuta choo, nguruwe wake alikuwa anajikuna kwenye ukuta wa banda, na ukuta ule ulikuwa wa vipande vya bati nene. Kipande kimoja kikalegea, kikageuka. Upande wa ndani ulikuwa mwekundu. Nikasogea. Palichorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Nikavuta kipande cha pili, fuvu. Cha tatu, fuvu. Banda zima lilikuwa limetazamisha mafuvu ndani, kwa nguruwe.

Nikamwita shemeji. Akaja, akaona nimeshika nini, akatazama nyuma kama kuna mtu.

"Shemeji, hivi vimetoka wapi?"

"Vilikuwa vimeanguka. Mnunuzi wa vyuma alituambia tung'oe nguzo, ndizo zenye uzito. Vibao alivikataa, akasema vyepesi, kajengeeni mabanda."

"Na wewe uling'oa?"

"Tuling'oa wengi."

"Kutoka wapi?"

Akaanza kukirudisha kile kipande cha kwanza ukutani.

"Kutoka juu ya msuku," nikamwambia.

"Shemeji, mimi nilidhani ni vya kutishia watu tu. Na unajua mimi kusoma…"

"Fuvu halisomwi, shemeji. Linaonekana."

Akaanza kulia. Sikumwonea huruma na sasa simwonei. Mtu anayedhani kibao ni cha kutishia tu, mgongo haumuumi akifika pale kilipokuwa kimesimama. Aliogopa kuupeleka mwili wake, akaacha kaka yake apite na dada yake achimbe. Labda alitumaini. Labda alisema moyoni, pengine hakuna kitu. Kutumaini kwake tulikufia sisi.

Mume wangu nilimweleza. Akasema, "Ni damu yangu, nitafanyaje?" Hakumshtaki ndugu yake, wala hakula tena nyumbani kwake. Nilimlaumu, lakini kila nikitaka kumlaumu zaidi nasikia ile "niko hapa, niko hapa," nanyamaza. Alifariki kwa kifua miaka kadhaa baadaye, kitandani kwake. Mnunuzi wa vyuma alirudi na mizani yake na lori lake kama kawaida, na vibao vipya navyo havikukaa. Mwenyekiti yupo hadi leo. Tunamchagua wenyewe.

Nami nikabaki chini ya Rada. Ningerudi wapi? Kila mwaka nyasi zinarefuka kule juu, na kila mwaka, mvua kubwa ikinyesha, natazama udongo unaoteremka hadi kwenye mfereji wangu, nauchambua kwa fimbo. Radi ikipiga nakaa chini popote nilipo, hata sokoni. Watu wamezoea.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, nilipanda Mbinga kuonyesha sikio hospitalini, nikakaa wiki mbili. Mwanangu yuko huko huko anaendesha bodaboda, mke wake ndiye anayekaa na mimi, na mtoto wao wa mwisho bado wa mgongoni. Niliporudi na basi nikashuka barabarani, nikainua macho, kama ninavyoyainua siku zote. Juu ya msuku palikuwa na miraba.

Nyasi zilikuwa zimefyekwa na kulazwa, mistari imenyooka, kazi safi. Nikatafuta pa kushika.

Nyumbani nikamkuta mkwe wangu anapiga jembe kwenye mpini mpya.

"Mama, shikamoo. Mmerudi?"

"Marahaba. Hilo jembe la nini?"

"Baba mdogo amegawa shamba. Amesema sehemu ya marehemu baba imekaa bure, na mwenyekiti amekubali. Vijana wamelaza nyasi siku mbili. Kesho tunachimba, mimi na wanawake wengine wa ukoo." Akaniona uso. "Mama, amesema miaka imepita, vitu vimeoza ardhini. Vijana wamekanyaga kote, hakuna kilichotokea."

"Na mimi mume wangu alikanyaga kote. Alitambaa. Hakuna kilichotokea. Jembe ndilo lililokwenda chini."

Akashusha macho. "Mama, mimi ni mtu wa kuja. Nikikataa watasema mvivu, watasema nimewadharau."

Sikumlaumu. Nami zamani nilikuwa mtu wa kuja. Nilimtazama mtoto mgongoni amelala, mdomo wazi, shingo imelegea, nikaona anakwenda naye shambani, maana bado ananyonya.

Nikachukua kiberiti.

Kwetu mtu haunguzi nyasi zilizolazwa. Ni kama kumwaga chakula cha watu kilicho tayari mezani. Shamba likiungua hakuna ngoro msimu huo, na aliyeunguza haachwi. Nilijua. Nilipanda polepole na fimbo yangu, jua la alasiri, sikupita msuku. Nilipofika njiti za kwanza zikavunjika. Ile iliyowaka niliitupa kwenye mstari wa karibu, nikajilaza nyuma ya shina, mikono kichwani, nikasubiri mlima upasuke.

Moto ulipanda kwa mistari. Miraba yote ikachorwa kwa moto, halafu ikawa myeusi. Nilisubiri mlipuko. Nilitaka usikike, Mungu anisamehe, nilitaka usikike ili waamini. Haukusikika. Mlio wa sikio langu tu.

Asubuhi nikaitwa kwenye baraza ofisini kwa kijiji. Watu walijaa hadi nje. Shemeji alisimama, mvi kichwani, mtu mzima sasa, kanisani ni mzee wa kigango. Akasema shemeji yake ana ugonjwa wa woga, wanamhurumia, lakini amechoma chakula cha ukoo na atatoa mbuzi. Kisha akawageukia watu.

"Na ndugu zangu, moto umepita pale pote. Je, kuna kilicholia?"

"Hakuna," watu wakasema.

"Basi moto umetusaidia. Mahali ni pasafi. Nyasi zitaota tena, msimu ujao wanawake watachimba."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Nikaona nimewasaidia. Nimewapa kibali kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisimama, nimeshika fimbo kwa mikono miwili.

"Nitatoa mbuzi," nikasema. "Lakini kabla ya msimu ujao kuna udongo uko wazi leo, hauna nyasi, ni laini. Ninyi mnaosema ni pasafi, shikeni majembe. Mwenyekiti shimo moja. Shemeji shimo moja. Juu ya msuku. Mkimaliza, mimi nitachimba yaliyobaki peke yangu, na mguu huu."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akasema hayo si mambo ya baraza. Shemeji akacheka kidogo.

"Shemeji, tangu lini mwanamume akachimba ngoro? Sisi tunalaza nyasi. Kuchimba ni kazi ya wanawake, ndiyo mila yetu."

Ndipo yule mama muuza usipa, sasa hana jino la mbele, akapaza sauti kutoka mlangoni. "Basi leo uwe mwanamke hadi saa sita, baba! Kitenge nitakuazima!"

Kicheko kikapasuka. Katikati ya kicheko hicho mkwe wangu akapita mbele, mtoto mgongoni. Alikuwa amekuja na lile jembe lake jipya. Akapiga goti kwa adabu, akaliweka miguuni pa shemeji.

"Baba mdogo, jembe hili hapa. Mpini nimeulainisha, hautakuumiza."

Kicheko kikakatika. Shemeji akatazama jembe. Akatazama mlango, watu wamejaa. Niliona jasho linamtoka juu ya mdomo, na nilijua anaona nini, anaona udongo umesimama wima kama mtu. Akaweka mkono kiunoni.

"Ningechimba," akasema. "Lakini mgongo unauma."

Nilimsikia kwa sikio langu zima. Mkwe wangu habari ya msuku anaijua, nilimsimulia alipoolewa, na wanawake wengine wa ukoo waliwahi kusimuliwa. Mmoja akainuka, akachukua jembe lake lililokuwa limeegemezwa ukutani, akatoka. Akafuata mwingine. Mkwe wangu akaokota la kwake, akasema, "Tutachimba utakapopona, baba mdogo," akatoka pia.

Hakuna aliyechimba. Mbuzi nilitoa.

Lakini moto huotesha nyasi vizuri, na mvua zimekuwa nzuri. Kule juu ya msuku zimeota kuliko zamani, nyororo, zinapanda kila wiki. Mwakani zitamfika mtu kifuani. Vibao havipo. Wiki iliyopita nilikuwa nachambua usipa barazani nikaona mwanamume na mke wake wamesimama barabarani na mizigo, wageni, wameshuka kutoka milimani, upande wa Kingerikiti. Mwanamke alikuwa amebeba majembe mawili kichwani. Mwanamume alikuwa amesimama ameangalia mlima, na nilimwona, kutoka pale nilipokaa nilimwona, anatabasamu.

Nikaacha usipa kwa kuku. Nikatafuta fimbo yangu, nikaanza kuwakimbilia.